Filamu ya Haroub na Makubadhi ya Ami Talib

Nyumba ya Bi Time,
Nyuma ya msikiti, Tibirinzi,
Chake Chake, Pemba.

Jumanne, 10 Septemba 2024

Mpendwa dada yangu Asya,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Kabla sijasema lolote nakuuliza hali. U mzima? Kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu siku ya harusi yangu kimekuacha? Shemeji Mbarouk hajambo na kazi zake? Ilham keshaizoea skuli mpya? Na Muadh, bado hali mpaka alishwe? Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mola. Karafuu zimeanza kuanguliwa, kila penye jua pametandikwa jamvi, hata mbele ya nyumba yetu mtu hupita upande upande asije akakanyaga mali ya watu.

Usishangae kuona karatasi. Ningeweza kukutumia sauti kwenye simu kama tulivyozoea, lakini najua sauti zangu unazisikiliza jikoni, watoto wamekuzunguka, na haya si ya watoto. Jirani yetu Bi Kauthar anakuja huko Maskati kwa mwanawe. Nimemwomba akutilie barua hii mkononi mwako wewe, si mwa mtu mwengine. Tafuta pahala ukae peke yako ndiyo uisome.

Kwanza nikupe ya furaha, maana yapo, na nisipoyasema utadhani ndoa imenishinda. Dada, mimi nimeolewa na mtu! Hudhaifa akitoka kazini Gombani hapiti popote. Anakuja moja kwa moja na jua lake kichwani, na mkononi hakosi kitu, siku moja kikuba cha asumini, siku nyengine mkate wa kumimina ungali moto, ameushika kwa ncha za vidole. Nikisikia pikipiki yake inapinda pale msikitini hukamata ufagio nikajitia nafagia. Akila chakula changu, hata nikikosea chumvi, hufumba macho kama mtu anayesikiliza kaswida. Mama yake, Bi Time, anasema mwanawe keshakuwa zuzu na hajui amshitaki wapi. Skuli nilikuwa nikisoma hadithi za mapenzi nikidhani waandishi wanatia chumvi. Kumbe walipunguza.

Nimeyatanguliza haya kwa makusudi. Yaliyobaki ni machungu, na yamenikuta ndani ya chumba hichohicho chenye furaha yangu.

Uliniuliza kama filamu ya kaka Haroub, hiyo *Bosi Yuko Mkutanoni*, inafaa kuangaliwa au ni upuuzi wa kupotezea wakati. Ukaniambia unataka kuwaalika wanawake wa kwetu walioko huko, uwapikie biriani, mkae muitazame pamoja wamuone ndugu yako. Uliniuliza mimi kwa sababu unajua sina tabia ya kusifu ili nimpendeze mtu. Basi nakujibu, na jibu ni refu.

Filamu yenyewe ni ya ofisi moja Dar es Salaam, ambayo mpaka inakwisha hujui inafanya kazi gani. Bosi hayupo, yuko mkutanoni. Wenye shida zao wanaambiwa warudi kesho. Yuko katibu muhtasari anayepaka rangi kucha tangu mwanzo mpaka mwisho na hazikauki. Yuko mhasibu anayelala macho wazi. Iko mashine ya kutolea kopi isiyokubali mpaka ipigwe teke, na kinaitishwa kikao cha kupanga siku ya kikao. Nusu saa ya mwanzo ni kelele tupu. Wale waigizaji wanadhani kupiga ukelele ndiko kuchekesha, na kila mtu akianguka wanatia muziki wa filimbi, kukukumbusha kuwa hapo ucheke. Mhasibu alipoanguka mara ya tatu mimi nilishaanza kukunja nguo. Ingekuwa ni hiyo tu, ningekwambia wapikie wageni wako, iwasheni, pigeni soga zenu, nayo ijisemee huko ukutani.

Halafu anaingia Haroub. Sitampunja haki yake, dada. Ndugu yako kajaaliwa. Anaigiza tarishi wa ofisi, mtu wa Pemba, jina hana, wote wanamwita Mpemba basi. Anaingia bahasha kaikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, anabisha hodi kwenye mlango ulio wazi, anangoja, na wewe umeshacheka kabla hajasema neno. Wenziwe wote wanaigiza, yeye ni kama kamera imepita ikamkuta. Hudhaifa, ambaye na yeye ni karani wa ofisi, alijipiga mapaja. "Hii ofisi yetu hii! Wallahi wametupiga picha dirishani!" Nikacheka nikamshika mkono. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, tumekaa chini, chai katikati yetu, nikasema moyoni, kama raha ya dunia ina sura basi ndiyo hii.

Kilichoanza kunikera ni maneno yake. Kila neno la pili ni "yakhe". Mtu wa hapa akisema yakhe mara zote zile tutamchukua akasomewe dua. Na anayaburura maneno kwa namna ambayo hakuna mtu anayesema hivyo, si Chake, si Wete, si Mkoani. Ni Kipemba cha watu wasiowahi kufika Pemba. Haroub kazaliwa hapa, anajua tunavyosema. Kaamua kusema vibaya kwa kuwa ndivyo wanavyotaka kutusikia.

Kisha likaja la viatu.

Yule tarishi, kila mlango anaoingia, anavua viatu nje. Wenziwe wanaingia na viatu vyao na tope zao, yeye anaviweka pembeni, anavigeuza vitazame njia, anaingia peku na bahasha yake. Mimi na wewe tunajua hilo ni adabu. Zulia la mtu ni kama mkeka wake, hupandi na viatu. Kwao ni kichekesho. Basi wanamfichia. Akitoka, hakuna kitu mlangoni. Anauliza chumba kwa chumba, kila anayemuuliza anamsalimia kwanza kwa heshima, na kila mmoja anamtuma kwa mwengine. Kumbe viko juu ya bati. Mara anapewa barua ya haraka, na hana la kufanya, anatoka peku, jua la saa saba, lami inachemka, anakimbia akirukaruka kama kuku kakanyaga kaa la moto na bahasha kaitia kichwani. Hapo Hudhaifa alilala chali.

Mimi sikucheka, kwa sababu yalikuwa makubadhi. Ya ngozi, ukanda mmoja umeshonwa kwa uzi wa buluu wa nyavu, vilevile ulivyonihadithia. Nikautazama tena ule mwendo wa bega moja mbele, na kile kikohozi kidogo kabla ya hodi. Haroub hakumuigiza Mpemba yeyote. Kamuigiza baba yenu, Ami Talib, na miaka yake yote ya utarishi.

Siku aliyorudi kutoka kazini peku mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini naijua kama niliyekuwepo, kwa sababu wewe ndiye uliyenihadithia. Nyayo zimembabuka. Marehemu mama yenu, Bi Mize, Mungu amrehemu, akachemsha maji ya chumvi, na wewe, ulikuwa darasa la nne sijui la tano, ukamuosha. Alipoulizwa, alisema makubadhi kampa mtu aliyemkuta njiani, maskini, hana kiatu na anakwenda kuzika. Bi Mize akalia kwa furaha kwamba Mungu kampa mume wa namna ile. Sisi wote tumekuzwa kwa hadithi hiyo. Nikimnyima mwenzangu kipande cha muwa, baba yangu alikuwa akiniambia, "Mtazame ami yako, ndugu yangu, alivua viatu vyake miguuni."

Sasa nikajiuliza Haroub kaichukuaje hadithi ile akaitia mzaha. Nikampigia simu siku ileile.

"Bibi harusi!" akaitika. "Umeiona? Umecheka?"

"Nimecheka. Kaka, yale makubadhi umeyatoa wapi?"

Nikasikia watu wanacheka nyuma yake, kisha mlango ukifungwa.

"Yale ni ya kutunga tu, Nusaiba."

"Na ule uzi wa buluu, nao umeutunga?"

Ndipo akanieleza. Alikwenda kuzika huko Dar, akakaa na wazee fulani, mmoja wao alikuwa karani ofisi moja na Ami Talib zama hizo mlipokuwa mkikaa huko. Yule mzee hakujua anakaa na mtoto wa nani. Akaanza kuwachekesha watu kwa habari za tarishi wao wa Pemba, mtu wa kuvua viatu milangoni, na siku waliyomfichia akazunguka akivitafuta mpaka saa ya kufunga, akaondoka peku.

Dada Asya, hakukuwa na maskini njiani. Hakukuwa na mtu anayekwenda kuzika. Nimekuandikia wazi kwa sababu sijui namna ya kuliandika kwa kuzunguka.

"Watu wote pale walicheka," Haroub akaniambia, "na mimi nikacheka. Ulitaka nifanyeje? Nisimame mazikoni niseme huyo ni baba yangu?"

"Ndiyo."

"Wewe ungesema?"

Hapo akaona kapata njia. Akaniambia yule tarishi ndiye anayependwa kuliko wote katika filamu, watu wanamwita njiani, wanataka aigize nyengine. Anasema kampandisha baba yake mahali ambapo wale makarani hawatafika.

"Wanampenda kama wanavyompenda paka aliyetumbukia ndooni," nikamwambia. "Hapana hata mmoja anayetaka kuwa yeye."

"Umekuwa mkali tangu uolewe."

"Na wewe umekuwa mwepesi tangu ujulikane."

Akacheka kidogo, kisha sauti ikamshuka. "Usimwambie mzee. Mzee haangalii filamu."

Hajui kuwa mzee wake keshapongezwa soko zima la Chake. Akinunua samaki, mchuuzi anamwambia, "Mzee Talib, mwanao tunamuona!" Akinunua muhogo, vilevile. Wanampa mkono, wanacheka, na yeye hajui wanacheka nini, anarudisha mkono na kusema alhamdulillahi. Basi Ijumaa, baada ya sala na chakula cha mchana, nikasikia kikohozi kile mlangoni, kisha hodi. Kavaa kanzu iliyopigwa pasi ikasimama, kofia ya kiua, na manukato.

"Nimekuja kumuona mwanangu," akasema. "Nimechoka kuhadithiwa."

Kaja kwetu kwa sababu ya ile tivii kubwa tuliyotunzwa na kaka zake Hudhaifa. Na Hudhaifa nilikuwa sijamwambia kitu. Si kwa kumficha. Ni siri ya nyumba yenu, na mimi bado ni mgeni katika ndoa, sijajua lipi la kwetu nije nalo huku na lipi niliache lilipo.

"Ami, tivii imeharibika," nikasema.

"Nani kasema?" Hudhaifa huyo, anatoka chumbani akifunga vifungo vya shati, uso umemwaka. "Mbona asubuhi nilikuwa natazama habari? Karibu Ami, karibu! Kaa hapa, hapa ndipo panapoonekana vizuri. Leo siku yako!"

Nampenda mume wangu mapenzi ya kufa, lakini saa ile ningempiga kwa mwiko.

Bi Time naye akasikia, akaja na mkeka wake na ushungi wake, maana kitu cha bure hakimpiti. Nikajitia kushika rimoti. Nikasema mwanzo wake mbaya, nikaruka. Nikasema na hapa pabaya, nikaruka tena.

"We mtoto!" Bi Time akafoka. "Unatupikia filamu au unatuonyesha? Mpe mumeo rimoti."

Nikampa Hudhaifa.

Haroub alipotokea na bahasha yake, Ami Talib alinyooka mgongo. Akatabasamu tabasamu ambalo sijawahi kuliona kwake, la mtu aliyeitwa jina mbele ya watu. Bi Time tayari anapiga makofi. "Haroub huyu! Tazama anavyokwenda, Mzee Talib, kama weye! Keshakuiba huyu, nenda kamshitaki!" Ami akacheka. Viatu vikavuliwa mlango wa kwanza. Vikavuliwa mlango wa pili. Mimi nilikuwa simtazami Haroub, namtazama baba yake, na niliona mkono wenye kikombe unashuka taratibu mpaka kikombe kikapata sakafu.

Viatu vikafichwa. Bi Time analia kwa kicheko, Hudhaifa anasema, "Ngoja, ngoja, Ami, sasa hivi ndiyo penyewe!" Na Ami Talib naye alicheka. Lakini alikuwa akichelewa. Anatutazama sisi kwanza ajue ni wapi pa kucheka, kisha anafuata, kama mtu anayepigiwa mzaha kwa lugha asiyoijua na hataki kuwavunja wenyeji.

Haroub akaanza kukimbia juu ya lami.

"Si juu ya bati," Ami Talib akasema.

"Nini, Mzee Talib?" Bi Time anajifuta macho.

"Vile viatu. Hawakuvitia juu ya bati. Walivitia kwenye jaa nyuma ya ofisi, ilikuwa siku ya kuchoma taka. Nikaviona vinaungua." Alisema kwa sauti anayotajia bei ya samaki. "Na mie sikukimbia. Nilikwenda mwendo wangu."

Kicheko kikakatika, lakini ule muziki wa filimbi ulikuwa bado unaendelea. Hudhaifa akatafuta rimoti, huku na huku, kumbe kaikalia. Mwisho akaenda akang'oa waya ukutani. Bi Time alivuta ushungi mpaka puani. "Tusamehe, Mzee Talib. Wallahi hatukujua."

"Mungejuaje, na kwangu hawajui." Akaitazama tivii nyeusi. "Nilifika nyumbani mlango uko wazi, wanangu wote wawili wananitazama miguu. Niwaambie nimechezewa na vijana wa kuwazaa? Nikasema la mwanzo lililonijia ulimini. Nilidhani kesho yake litasahauliwa. Mize akalitangaza mtaa mzima, watu wakaja kunipa mkono. Basi nikalikalia."

Akamalizia chai yake yote, asije akaonekana kasusa, akasema Haroub kajua kuigiza na kikohozi kakipatia hasa.

Alipoondoka Hudhaifa alikaa palepale kwenye mkeka. Mimi nilikuwa na hasira, dada, hasira ya kumtafuta wa kuichukua, na wa karibu ni yeye. Nikamuuliza, "Ofisini kwenu kuna tarishi?"

"Yuko."

"Jina lake nani?"

Akasema wanamwita Mzee Chai. Nikamuuliza tena jina lake, na mume wangu, huyu ninayemwandikia mashairi nyuma ya daftari la mapishi, hakulijua. Anafanya naye kazi kila siku na anapokea kikombe mkononi mwake. Sikumgombeza, na yeye hakujitetea. Tulilala tumepeana migongo kwa mara ya kwanza tangu nije nyumba hii. Jana karudi kutoka kazini, kabla ya salamu ananiambia, "Anaitwa Mzee Kificho. Ana wajukuu Mtambile." Nikampakulia chakula. Nampenda bado, tena sana, lakini si kama Jumamosi ile asubuhi. Ile imekwenda, na aliyeichukua ni Haroub, na sijui nitamdai vipi kitu kama kile. Kanipigia tena na tena, sijaipokea simu yake.

Basi uliniuliza, inafaa kuangaliwa? Inachekesha, dada, na hapo ndipo panaponichoma. Ingekuwa mbovu yote tungeizika ikaisha. Sehemu ile ya viatu ndiyo iliyo bora kuliko zote, ukiikata filamu haina kitu. Ukiwaita wanawake wenzako watacheka kuliko sisi, watapiga makofi, watakwambia hongera, na hutaweza kuwakataza, kwa kuwa mwenye nyumba ni wewe na biriani umewapikia wewe. Kwa mtu mwengine yeyote ningesema aiangalie. Kwako wewe nasema usiiwashe, wala usiache mtu akuwashie.

Sasa lile alilonituma Ami, ndilo hasa lililonikalisha chini na kalamu.

Alipotaka kutoka, Hudhaifa alimkimbilia mlangoni, akainama akaviokota viatu vyake ili amvalishe. Ami akamzuia kwa mkono. "Wacha, mwanangu. Leo navijua vilipo." Akacheka peke yake, na mara hii hakuchelewa.

Nikamsindikiza tukipita kando ya majamvi ya karafuu. Tulipofika kona akaniuliza, "Asya kaiona?"

"Bado, Ami."

"Mwambie weye, kabla hajaiona. Mie nimejaribu, maneno hayanitoki."

Nikamwambia nitakuandikia. Akaondoka hatua kidogo, akarudi. Akanikumbusha gunia la viatu vya watoto unalolileta kila Ramadhani kwa ajili ya siku ile ya makubadhi, na yeye hukaa mwenyewe mlangoni mwa madrasa, anawapima watoto nyayo kwa kiganja chake, anawavalisha mmoja mmoja.

"Mwambie asiache kuvileta," akasema. "Akitaka kunikasirikia na anikasirikie, ana haki. Asinipigie mwaka mzima, sawa. Lakini viatu asiache. Na kama hataki mie nigawe, atagawa mwengine. Mie nitakaa nyumbani."

Hivyo ndivyo alivyonituma, sikuongeza wala sikupunguza. Anangoja jibu lako, na tangu Ijumaa hajapita sokoni.

Msalimie shemeji Mbarouk salamu nyingi, umwambie dua zake kwa ndoa yetu tumezipata. Nibusie Ilham na Muadh kwenye mashavu yote mawili. Baba yangu anakusalimu, na Bi Time anakusalimu, ananiomba nikwambie kuwa kacheka bila ya kujua. Hudhaifa anakupa mkono wa heshima. Mola akuhifadhi katika nchi ya watu, akupe afya na subira, na auweke moyo wako uwe laini kwa baba yako, hata kama kwa siku chache utakuwa mzito, maana wangu bado ni mzito.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ninapokuletea ya kukuliza,

Nusaiba